Mlango wa Dereva

Bukhayo Magharibi,
kupitia Posta ya Busia.
17 Agosti 1997.

Mpendwa ndugu yangu Levis,

Pokea salamu zetu wote, tukitumaini kwamba wewe, Brendah na watoto mko wazima na hiyo baridi ya Leicester haijawashika kifua. Sisi tu hai, tunamshukuru Mungu. Mgongo unanisumbua na mahindi ya mwaka huu yamekuja machache, lakini sitaanza kulia kabla hujakaa vizuri na barua.

Mama yako hajambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu tangu Juni hatoki kitandani isipokuwa tumshike. Ni kifua kile kile. Hospitalini walimpa dawa, akarudi nyumbani, akaacha kula tena. Haogopi kufa, Levis. Kilichokuwa kikimnyima usingizi ni mahali atakapolazwa. Wazee wa ukoo wamesema waziwazi kwamba mke huzikwa kando ya mumewe, na mumewe hana kaburi. Unajua desturi yetu: mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika mgomba badala yake. Baba yako hatujamzikia hata huo mgomba, kwa sababu kaka yake, yaani baba yangu, alikataa katakata. Basi kila asubuhi nilipomwosha mama yako aliniuliza, "Nerima, mtaniweka kando ya nani?" Nami nilimfunga leso tu.

Hapo ndipo vinapoingia vile vifaru vya vita vya plastiki, vya kuunganisha, unavyomtumia Baba yangu.

Ulipotuma kile cha kwanza, mwaka ule ulipoenda kusoma, ulitaka tu tuone baba yako alikuwa akiendesha kitu gani alipojiunga na jeshi la Uganda, kama vijana wengi wa huku mpakani. Hukujua unamwanzishia mzee ugonjwa. Kilikuwa kitu kibaya, tuseme ukweli. Plastiki nene kama ya beseni, vipande vichache, tumbo limeachwa tupu ili mtu atie mota na betri, na minyororo ya mpira iliyokatika Baba alipoivuta. Mlango wa dereva ulikuwa mstari tu uliochorwa. Lakini Baba, fundi wa malori pale Malaba maisha yake yote, alikipenda. Alikipaka rangi iliyobaki kwenye trela ya mtu.

Vile vya katikati vilinichosha kuliko vyote. Kasha limebadilishwa, picha ya moto na moshi inang'aa, ukifungua unakuta kifaru kile kile cha zamani, safari hii kimezeeka. Baba alisema kalibu yao, ile wanayomiminia plastiki, imechoka, plastiki inavuja pembeni. Ni kweli, kila kipande kilikuja na vinyama vya kukwangua kwa wembe. Na nani alikwangua? Mimi, nikitoka shambani na jembe bado begani. Majirani walisema mzee wa watu amerudi utotoni, na nikachoka hata kumtetea.

Haukuwa mchezo lakini. Unamkumbuka Oluka, yule Mteso wa Malaba aliyekuwa ndani ya kifaru kimoja na baba yako. Vita vya 1979 vilipokwisha alikuja hapa, akaeleza kwamba walipopigwa, yeye na mwenzake waliruka kupitia juu. Baba yako hakutoka, kwa kuwa mzinga ulikuwa umegeukia upande wake na kuulalia mlango wake. Baba alimfukuza. Alisema dereva ana mlango wake mbele na nafasi ya kutoka ipo, kwa hiyo Mukhwana ndugu yake alitoka akakimbilia Sudan au Kongo, na hatuwezi kumzika mtu anayetembea.

Na kila kifaru ulichotuma kilimuunga mkono. Aliugeuza mzinga juu ya ule mstari, akapitisha kidole chini yake, akatuuliza kama hatuoni nafasi. Nafasi ilikuwepo. Wazee walitazama, wakaaga, wakaenda zao.

Hiki cha mwisho kilifika baada ya Pasaka. Levis, siku hizi watu wanatengeneza vitu. Vipande vingi mno, vingine vyembamba kama mabawa ya kumbikumbi, na minyororo unaiunga kiungo kimoja kimoja. Hakuna cha kukwangua, kila kitu kinaingia mahali pake. Taabu ni kwamba kadiri vifaru vilivyozidi kuwa vizuri, ndivyo macho ya Baba yalivyozidi kuharibika, na mikono pia. Ilibidi mimi nishike vile vipande kwa kibanio cha nyusi, naye ananiamuru kushoto, kulia, hadi shingo ikafa ganzi. Kuna siku nilikulaani wewe na posta pamoja.

Mlango wa dereva katika hiki unafunguka. Ndani kuna kiti chake na vyuma viwili vya kuendeshea.

Tulipomaliza, Baba alikaa nacho barazani baada ya chakula cha mchana. Aliugeuza mzinga upande wa dereva kama Oluka alivyosema, akaushusha, akajaribu kuinua mlango kwa ukucha. Uligonga mzinga. Alijaribu tena na tena, nami nikaendelea kuchambua maharagwe kama sioni. Mwishowe alikiweka chini, akaniambia nitafute mtu wa boda boda apeleke habari Malaba, Oluka aje.

Oluka alikuja, naye amezeeka, anachechemea. Baba alimpa kile kifaru hata kabla ya kiti.

"Oluka, wewe uliniambia ukweli tangu zamani," alisema. "Ni mimi nilikuwa na kifaru mbaya."

Oluka alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akaomba maji ya kunywa. Halafu wazee wale wawili walilia. Mimi nililia jikoni, kwa huzuni na kwa uchovu pia, siwezi kuvitenganisha.

Basi mgomba utazikwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Wewe ndiye mwana, udongo wa kwanza ni wako. Fanya uwezavyo uje. Mama yako amechagua mahali, upande wa jiko lake, akatuambia tusibane, tuache nafasi kando. Tangu siku hiyo anakunywa uji.

Usimtumie Baba kifaru kingine. Amesema imetosha, na mimi naitikia amina.

Nisalimie sana Brendah na watoto. Mama yako anakusalimu, Baba pia, na Oluka alisema nikuambie unafanana na baba yako katika ile picha ya harusi yako.

Kitu kimoja kimebaki. Kile kifaru kitaingia kaburini pamoja na mgomba. Juzi nilimkuta Baba anakitia gundi peke yake, vidole vyote vimenata. Nilidhani anakiharibu. Ameugeuza mzinga upande wa pili, mbali kabisa na dereva, akaugandisha hapo. Mlango ameuacha wazi.

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nerima