Masikio Yangu, Magoti Yako

Chonyonyo, 14 Januari 2024

Wifi yangu Restuta,

Pokea salamu za mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Sisi huku tunaamka, na kwa umri wetu kuamka ni habari njema. Magoti yako yanasemaje? Na kile kifua cha wakati wa mvua, kimekuachia?

Usishangae kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Simu imenishinda. Siku ile ulipopiga nilikusikia ukisema umeolewa. Nilikaa kutwa nzima najiuliza, huyu mjane, bibi wa wajukuu, ameolewa na nani huko Nkwenda? Mackrine alipokuja kututembelea ndipo akanieleza kwamba ulisema umelowa, mvua ilikukuta sokoni. Wifi, nilikuwa nimeshaanza kukutafutia kitenge cha harusi.

Basi tuandikiane. Mzee Shaaban, yule mwenye Hiace ya Kayanga kwenda Nkwenda, amekubali kubeba barua zetu.

Nilikwenda Kayanga kupima masikio. Daktari ni binti mdogo, sauti yake kama ya kifaranga. Aliniuliza nina shida gani, mimi nikasikia nina watoto wangapi, nikamjibu, "Wawili tu, Jovitus na Mackrine." Akacheka, akachukua kalamu akaniandikia: Mama, masikio yamezeeka. Nikamwambia, mwanangu, hayo yamezaliwa siku moja na mimi, ulitaka yabaki vijana?

Kaka yako Projest mwili wake ni mzima, analima kuliko mimi. Ila kichwa, wifi. Asubuhi moja alinikuta jikoni namenya ndizi, akavua kofia. Yeye namwelewa kwa kumtazama midomo, nimeitazama maisha yangu yote. Akasema, "Karibu mama. Mwenye nyumba ametoka kidogo."

Nikamwuliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

"Kokuhirwa, mke wangu. Ni mkali, lakini hamnyimi mtu chakula."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomaliza kucheka sikuweza kuinuka.

Mimi sisikii, yeye hakumbuki. Ukituunganisha tunatoa mtu mmoja, tena mwenye kasoro. Tuombee.

Wifi yako,
Kokuhirwa


Nkwenda, 11 Februari 2024

Shikamoo wifi Kokuhirwa,

Mimi na magoti yangu tunakusalimu. Kifua kimeniachia, magoti yamekataa. Nikitaka kuinuka kwenye kiti natangaza kwanza, wajukuu wasogeze vitu, halafu nahesabu moja, mbili, na tatu ikifika bado nimekaa. Kanisani wenzangu wakisimama kuimba mimi naanza kusimama, na nikifika juu wao wanakaa. Mchungaji anadhani nina wito.

Hilo la kuolewa limenichekesha mpaka leo. Mwambie Mackrine akirudi asinisahihishe tena, huenda Mungu naye alisikia vibaya akanitumia mtu.

Lakini kaka yangu, wifi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mahali pa kofia sijacheka. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule tulipokuwa wadogo hapo hapo Chonyonyo. Je, mimi ananikumbuka? Mwulize taratibu, usimjaribu kama mtoto wa darasani. Na akitoka, usimwache aende peke yake.

Ningekuja kesho, ila kupanda gari kwangu ni sawa na kupanda mti. Nakutumia maharage kidogo kwa mzee Shaaban.

Wifi yako,
Restuta


Chonyonyo, 5 Aprili 2024

Wifi yangu Restuta,

Pasaka imepita, maharage tumekula, Mungu akuongezee. Natumaini uko salama. Mimi si salama, na siyo ugonjwa.

Nilimwuliza habari zako. Akasema, "Restuta yuko shule, akirudi mpe uji." Basi unakumbukwa, ingawa si kwa umri wako.

Watoto walikuja wote wawili. Jovitus alitoka Mwanza na Mackrine alitoka Bukoba. Nikafurahi, nikachinja kuku. Jumatatu baada ya chakula wakaniketisha, Jovitus akazungumza nami uso kwa uso, polepole, ili nimwelewe.

"Mama, hatulali kwa mawazo. Baba anatoka usiku na mchana, na wewe humsikii. Siku moja mtaungua humu ndani."

Nikamwambia, "Kwa hiyo?"

"Baba nitakaa naye mimi Mwanza. Wewe utakaa na Mackrine. Nyumba zetu ni ndogo, wote wawili hatutawaweza mahali pamoja."

Wifi, wametugawa kama mbuzi wa mahari, huyu huku, yule kule. Mackrine analia, Jovitus anaangalia sakafu, na kaka yako katikati anawamiminia chai akiwauliza wametoka kijiji gani.

Si watoto wabaya. Hilo ndilo linaloniumiza, sina hata wa kumkasirikia vizuri. Lakini mtu huyu akiamka Mwanza asinione jikoni, atamwambia nani kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo? Wewe ni shangazi yao, neno lako wanaliogopa. Mwandikie Jovitus. Mwambie atuache.

Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Wifi yako,
Kokuhirwa


Nkwenda, 21 Aprili 2024

Shikamoo wifi,

Sisi ni wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nijibu nini, na hata sasa kalamu ni nzito.

Sikumwandikia Jovitus. Nimempigia, tumezungumza kwa muda mrefu. Wifi, usinichukie. Nadhani watoto wana haki. Mume wangu marehemu, mwisho wake uliujua, nilimwuguza mwenyewe nikiwa na masikio yangu na magoti yangu bado, na nusura tufe wote wawili. Upendo hauzimi moto jikoni. Mwache kaka aende, kwa miezi michache tu tuone. Nawe upumzike Bukoba, ule samaki.

Ninayekupenda,
Restuta


Nkwenda, 14 Julai 2024

Shikamoo wifi Kokuhirwa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mzee Shaaban anasema zote alizikabidhi mkononi mwako, na kwamba ulizipokea ukaingia ndani. Kama ni hasira, naipokea. Andika matusi, nitayasoma. Mackrine nikimpigia anasema, "Shangazi, acha kwanza," na Jovitus hapokei.

Leo mzee Shaaban ameniambia jambo na hakutaka kulimaliza. Amesema kaka hayupo hapo nyumbani. Nimemwuliza hayupo vipi, akasema, "Mama Restuta, mwulize mwenyewe."

Kaka yangu yuko wapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Restuta


Chonyonyo, 4 Agosti 2024

Wifi Restuta,

Yuko hai. Naanza na hilo.

Nilikuwa na hasira, ni kweli. Niliweka barua zako chini ya godoro nikasema nitakujibu kaka yako na mimi tutakapofika Krismasi pamoja, uone aibu. Mwezi wa sita ukatukuta hatujafika.

Ilikuwa siku ya kuchuma kahawa. Tulitoka pamoja, nikamwacha kwenye mibuni ya mbele, anachuma vizuri tu, mikono yake haijasahau kitu. Nikaingia ndani kuinjika maharage. Niliporudi, kikapu kipo, yeye hayupo. Nikaanza kumtafuta.

Unakijua kile kibanja chetu cha migomba na kahawa, ulizaliwa humo. Unajua shimo la kuivishia ndizi, upande wa nyuma. Lilikuwa limefunikwa majani makavu tangu tulipotoa ndizi za mwisho. Alikanyaga hapo akaanguka, mfupa wa nyonga ukavunjika.

Alikuwa akiniita, wifi. Benitha, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alimsikia akiwa kwake. Alisikia "Koku, Koku, niko hapa," akadhani tunaitana kama kawaida, kwa sababu aliniona mimi nikipita katikati ya migomba. Nilipita hapo. Nilipita karibu na shimo nikaenda mtoni, nikarudi nikapita tena. Mume wangu ananiita kwa jina langu, baada ya miezi ya kuniita mama na mgeni, na mimi napita.

Jua lilikuwa linashuka Benitha alipokuja kuniuliza mbona anaita tu haitikiwi. Akanishika mkono akanipeleka. Nilipoinama shimoni alinitazama akasema, "Ulikuwa unanuna?"

Benitha aliniambia habari ya kuita kwa sababu nilimlazimisha. Ni afadhali asingeniambia.

Jovitus alikuja akamchukua, kwanza hospitali, halafu kwake Mwanza. Sikubisha. Ningebisha kwa mdomo gani? Mackrine alitaka kunichukua nikakataa, sitaki kula samaki wa mtu. Nimebaki hapa. Napika chungu kile kile, kisha namwaga. Jovitus ananipigia, ananiwekea kaka yako, naona dakika zinaenda kwenye kioo cha simu na siambulii chochote, ni mvumo tu kama nyuki. Nasema, "Projest, kula." Sijui kama anakula.

Wifi, nimeshindwa. Ulisema upendo hauzimi moto, na kumbe hausikii pia. Ila nitakufa humu na yeye atafia kule, na hakuna atakayejua mwenzake amekwenda. Wewe una masikio. Nenda kamwone. Najua magoti. Nenda hivyo hivyo.

Kokuhirwa


Mwanza, 25 Agosti 2024

Shikamoo wifi,

Nimefika. Mzee Shaaban na kondakta waliniinua kama gunia la kahawa, na kwenye basi la Mwanza abiria wakanipokea wakanipitisha mkono kwa mkono. Sasa siogopi tena gari, nimeshaaibika aibu zote.

Nakuambia kweli, kama ulivyoniambia wewe. Kaka amekonda. Hakufanyiwa upasuaji, daktari alisema moyo hautastahimili. Analala kwenye chumba kizuri, safi, mkwe wetu, mke wa Jovitus, anamgeuza na kumwosha bila kununa. Lakini hali chakula. Akiletewa sahani anasema, "Ngojeni mwenye nyumba." Nilipoingia alinitazama akaniita "mawe", kama alivyokuwa akimwita mama, akanikumbatia. Wifi, nimefanana na mama yetu kiasi hicho? Nilimwitikia hivyo hivyo, kama mama, nikamlisha ndizi kidogo.

Jina lako analiita. Majirani wa upande wa pili walidhani Koku ni paka.

Jana nilimketisha Jovitus. Nikamwambia, "Mrudishe baba yako."

Akasema, "Shangazi, nimrudishe kwa nani? Kwa mtu aliyepita juu yake bila kumsikia?" Halafu akaficha uso kwa mikono miwili. Mwanamume mzima, mvi zimeanza, akalia kama alivyolia akinyimwa titi. "Siyo kwamba namlaumu mama. Naogopa. Nikimrudisha kikatokea kingine, nitaishi vipi?"

Nikamwambia, "Masikio nitayapeleka mimi. Nitahamia Chonyonyo, kwa baba yangu nilikotoka. Mama yako ana magoti, mimi nina masikio. Mimi nitasikia, yeye atakimbia."

Alicheka huku machozi yanatoka. Wifi, nimeshaamua, usinijibu kwamba nyumba ni ndogo. Nililala humo na kaka zangu na ndama. Nilikosea mwezi wa nne, na kusema pole hakumnyanyui mtu shimoni, kwa hiyo nakuja.

Liko jambo moja. Daktari amekuja leo akampima. Amesema hali ilivyo, safari ni ndefu, anaweza asifike. Akibaki hapa huenda akaongeza siku kidogo. Jovitus amesema uamuzi huo hawezi kuubeba, na mimi ni dada tu. Amesema, mama aseme.

Basi sema. Kondakta wa basi la Kayanga atamkabidhi mzee Shaaban barua hii, nawe mpe jibu, litanifikia.

Wifi yako,
Restuta


Chonyonyo, 29 Agosti 2024

Wifi yangu Restuta,

Nimepokea. Mzee Shaaban yuko uani anakunywa togwa wakati naandika, amekataa kuondoka bila jibu.

Mleteni.

Mwambie Jovitus neno hili limetoka kwangu, aliweke moyoni, na asije akambebesha mtu mwingine hata siku moja. Siku alizozisema daktari ni za kumngoja mwenye nyumba. Za nini?

Mlaze upande wa kulia, wa kushoto ndio ulioumia. Akiuliza mnakwenda wapi usimweleze mambo mengi, mwambie Koku amepika. Dereva asikimbie kwenye makona. Mkifika Biharamulo mnyweshe uji, hata kijiko. Na kama Mungu atamchukua njiani, wifi, msigeuze gari. Msimrudishe Mwanza, msimpeleke popote kwanza. Mleteni hivyo hivyo alivyo, kitanda nimeshatandika, mtamlaza hapo na mimi nitakaa naye kabla watu hawajajaa.

Chumba chako ni kile cha mbele. Benitha amenisaidia kuweka kiti kirefu ambacho hutahitaji kuhesabu ili uinuke.

Sijui ni saa ngapi mtafika, nami msinipigie. Nitakuwa barabarani tangu alfajiri, penye njia ya kuingilia kibanjani. Mwambie dereva asihangaike na honi, sitaisikia. Afungue tu kioo upande aliolala yeye, apite polepole, nimwone mdomo.

Wifi yako,
Kokuhirwa