Kambale Wote wa Simu Yako

Mpendwa Papa,

Simu yako imejaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Nasema ile ya zamani, yenye kona iliyopasuka, uliyoifunga kwa ukanda wa mpira ili mfuniko usianguke. Tangu tulipokuzika ilikuwa sandukuni chini ya mashati yako, imezimwa. Juzi Mama aliitoa, akaipangusa kwa kitenge, akaniwekea mkononi.

"Masika, tafuta mule numero ya ndugu yako, pengine iko," akasema. "Misa ya mwaka ya Papa yako inakaribia. Mara hii hapana nitakaa kanisani bila yeye."

Ndugu yupi, unamjua. Kambale aliondoka hapa Butembo baada ya nyinyi wawili kugombana juu ya viazi. Wewe ulitaka arithi depot, ghala lako la viazi, yeye alitaka kutengeneza pikipiki. Alisema anakwenda Beni, akabadilisha numero, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa mezani. Ulipokufa tulimtafuta kwa kila mtu, na hakuja kuzika. Mama halalamiki, lakini kila mbwa wa jirani akibweka naona anavyogeuka kuangalia mlango. Mumbere wetu, mtoto wa kiume wa kwanza, alikufa mchanga. Kambale ndiye mwana wa kiume pekee aliyebaki, na Mama hajui yuko wapi.

Niliichaji kwa jirani mwenye panneau ya jua. Ikawaka, ikanionyesha maandishi mekundu: mémoire pleine. Nikacheka peke yangu, maana hayo yalikuwa maneno yako. Mama akikutuma chumvi, sabuni na kiberiti, ulikuwa unarudi na chumvi tu. Ukiulizwa, unagonga paji la uso: "Mama Masika, memoire imejala. Ungeniandikia." Na Mama anavaa viatu, anakwenda mwenyewe.

Zamu hii ilikuwa ya simu. Nikibonyeza mahali pa majina, inafikiri, inafikiri tena, halafu inajizima. Nikaona kwanza niipunguzie mzigo, ndipo nimtafute Kambale. Na nisikufiche, Papa, nilifurahi kupata sababu. Ulikuwa mtu wa kugeuza mgongo ukitaka kusoma ujumbe, na mimi tangu utoto ni mtu wa kuchungulia. Nilitaka sana kujua ulikuwa unaweka nini mule ndani.

Nilianza na yale yasiyoumiza. Video za watu wanaoteleza kwenye matope. Picha za maua ya waridi zenye "Bonjour, ubarikiwe", moja kila asubuhi, zote kutoka kwa binamu yako wa Kirumba, na wewe hukufuta hata moja. Kulikuwa pia na mchezo wa mpira wa miguu, na ndani yake timu yako imeshinda vikombe. Papa, wewe? Wewe uliyetuambia kwamba michezo ya simu inaozesha macho? Nilicheza mechi moja kwa heshima yako, nikafungwa vibaya, nikaufuta. Nikaondoa na kache, yale mabaki ambayo kila programu huyaacha nyuma kama maganda ya mtu anayemenya viazi. Picha za ubatizo na harusi nilizihamishia kwenye kadi ndogo niliyoinunua sokoni. Simu ikaanza kupumua.

Halafu ikanishauri yenyewe. Ikasema ina picha zisizo wazi, je, izifute? Nikaangalia juujuu, nikaona kidole chako, sakafu ya depot, mfuko wa koti lako kutoka ndani. Nikabonyeza oui, ndiyo, kwa zote pamoja. Usinikasirikie bado, nisikilize mpaka mwisho.

Zilizobaki ndizo zilinishangaza. Mbuzi mwenye pembe moja iliyopinda. Mlango wa kijani. Buti moja la mvua, bila mwenzake. Redio iliyofungwa kwa waya. Mwavuli wenye mbavu nje. Picha na picha, Papa, na hakuna binadamu hata mmoja. Mtu anapiga picha ya buti ili iweje? Nikampelekea Mama jikoni, akazitazama huku akichambua maharagi.

"Papa yako hapana alikuwa na kichaa," akasema. "Iko sababu. Mais mimi hapana aliniambia."

Sasa majina yalikubali kufunguka, na hapo simu ikaniletea ushauri wa pili. Ikasema ina majina yanayojirudia, ya mtu mmoja, je, iyaunganishe ili kupata nafasi? Nikaangalia ni nani huyo mtu mmoja. Kambale. Kambale, chini yake Kambale, chini yake Kambale, unavuta kwa kidole mpaka kidole kinachoka. Nilicheka mpaka Mama akaja kuona. Waliotengeneza simu hii hawajawahi kukaa na Wanande. Hawajui kwamba kwetu mtoto anazaliwa na jina likiwa tayari linamngoja, kwamba mwana wa kiume wa pili wa kila nyumba ni Kambale, kama wewe ulivyo Paluku kwa kuzaliwa wa kwanza (wengine huita Mumbere), na mimi, binti wa kwanza, Masika. Ukisimama sokoni ukaita "Kambale!", biashara yote inasimama.

Watu wengine huongeza kitu mbele ya jina: Kambale mwalimu, Kambale wa makaa, au jina la ubatizo. Wewe ulikataa. Nakumbuka nilikuuliza siku moja tulipokuwa tunapakia magunia ya viazi kule Masereka, ukanijibu huku unakaza kamba: "Jina la ubatizo mutu anabadilisha akihama kanisa. Na kazi pia anabadilisha." Nikakuuliza, basi utamjuaje? Ukasema, "Nitamujua tu." Nilidhani ni ukaidi wako wa kawaida.

Nilikuwa karibu kubonyeza non, hapana, nipite. Ndipo nikaona kwamba kando ya kila Kambale kuna kiduara, na ndani ya kiduara kuna picha. Mlango wa kijani. Buti. Redio. Mbuzi. Papa, nilisimama. Kumbe ndivyo ulivyowatofautisha! Uso hukuutaka, kwa sababu ulisema kila mara kwamba mtu akipigwa picha anakaza uso na hafanani tena na yeye mwenyewe. Ulipiga picha ya kitu chake.

Nilitaka kuhakikisha, nikampigia Kambale wa mbuzi. Simu ikaita, akapokea mtu, na nyuma yake nikasikia mbuzi kweli, tena wengi.

"Yesu!" akasema. "Nani anaita na numero ya marehemu?"

Nikamwambia ni Masika, binti yako. Alikuwa yule muuzaji mbuzi wa Kirumba aliyelia sana siku ya mazishi. Alipotulia, alinipa pole upya, akanisimulia mbuzi yule mwenye pembe iliyopinda alivyowahi kula kofia yako. Hukutuambia, Papa. Ulisema kofia ilipeperushwa na upepo.

Basi nikaanza kuwapitia wengine polepole, nikijiuliza, Kambale wetu ungemwekea kitu gani? Nilitafuta pikipiki, haikuwepo. Nilitafuta nyundo, mpira, kitu chochote cha utoto wake. Karibu wote nikawatambua au nikaona wazi kwamba siyo yeye. Akabaki mmoja. Kiduara chake kilikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kidogo, kimefifia, huwezi kusema ni jiwe au mkate. Ningetaka kuikuza picha yenyewe, lakini kwenye picha zako haikuwepo. Haikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeshaifuta. Ilikuwa moja ya zile zisizo wazi.

Ashukuriwe aliyefikiria kwamba simu iwe na corbeille, kwamba kilichofutwa kikae kwanza humo kabla ya kupotea kabisa. Nikafukua. Vidole vyako, sakafu, mfuko, vidole tena. Na mwisho ikatokea. Ni kiazi, Papa. Kiazi chenye pua.

Nikaketi pale pale kwenye kizingiti cha jiko. Unakumbuka cha kwanza? Ulirudi kutoka Masereka umelowa, ukaingiza mkono mfukoni, ukatoa kiazi chenye pua ndefu na matundu mawili ya macho. Kambale alikuwa hajaanza shule, mimi nilikuwa nimeanza, nikasema kinafanana na directeur wetu wa shule. Tangu hapo jina la kiazi likawa Directeur. Kambale alikataa kipikwe. Kilikaa dirishani mpaka kikaota, na nyinyi wawili mkachimba shimo nyuma ya jiko mkakizika kwa sherehe, mkisubiri kizae. Na kila msimu baada ya hapo, ukikuta kiazi chenye pua ndani ya magunia, hakikufika chunguni. Ulikuwa unamwita: "Kambale, njoo uone, Directeur amerudi!" Anakuja mbio, miguu yake midogo inapiga sakafu. Wivu niliokuwa nao, Papa, naweza kuusema leo. Mimi hukuniletea kiazi hata kimoja.

Lakini picha hii siyo ya zamani. Kiazi kimelala juu ya ubao mweusi wa mafuta, kando yake spana, nyuma yake kipande cha gurudumu. Kwetu hakuna ubao wa namna hiyo. Ulikuwa wapi?

Nilipiga. Iliita mara moja tu.

"Papa!" Sauti ilipasuka sikioni. "Kumbe ilikuwa bongo, uongo tu! Kumbe uko muzima!"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na hamu ya kujua atakuwa na sauti gani, atakuwa na hasira au la, na nilisahau kwamba kwake simu iliandika jina lako. Nikasema, "Ni mimi, Kambale. Ni Masika." Nyuma yake kulikuwa na pikipiki inanguruma. Mtu akaizima.

"Balisema Paluku wa virayi wa Butembo alikufa," Kambale akasema taratibu. "Nikajiambia, ba-Paluku wa virayi ni wengi. Nikaita numero yake, fermé, imefungwa. Mais Papa alisema niache, yeye mwenyewe ataniita. Donc niko nangoja."

Unaelewa, Papa? Jina lako lile lile, linalobebwa na nusu ya wachuuzi wa viazi wa milima hii, ndilo lililompa mwanao pa kujificha. Aliamini amekufa Paluku mwingine.

Kisha akanieleza yale ambayo wewe hukutueleza. Kwamba ile safari yako ya mwisho ya Beni, uliyotuambia ni ya maharagi, ulipita mji wote mpaka Mavivi, ukiuliza fundi wa pikipiki anayeitwa Kambale, na watu wakikuonyesha Kambale huyu na yule. Ulipompata hukumsalimia. Uliweka kiazi juu ya ubao wake wa kazi, ukakaa juu ya gurudumu kuukuu, ukasema: "Directeur amerudi." Mlikula wote sombe ya majani ya muhogo na samaki. Ukamtazama akifungua injini mpaka akaifunga tena, na ulipotaka kuondoka ukamwambia, "Nyumbani nitasema mimi mwenyewe, na kinywa yangu. Wewe ngoja. Nitakuita." Ukarudi na homa, na kinywa chako hakikupata nafasi.

Nilikukasirikia kidogo, nasema kweli. Mama alikuwa pale kitandani kila siku, neno moja lingetosha. Lakini nakufahamu. Ulikuwa unatafuta namna ya kulisema bila kuonekana umeshindwa.

"Kwa simu yake aliniandika nani?" Kambale akauliza.

"Kambale."

"Kambale tu? Sawa bale bengine?"

"Sawa bale bengine. Mais na picha ya Directeur."

Hapo akalia. Alilia kama mtu mzima asiyejali nani anasikia, na mimi pia, na Mama alipotusikia alitoka jikoni na maharagi mkononi, akaninyang'anya simu. Nilidhani atauliza mengi. Akasema tu: "Kambale. Ulishakula?" Na alipojibiwa akasema "Wasingya, wasingya," asante yetu ya Kinande, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa, na maharagi yakamwagika.

Atakuja kwa misa. Nina maswali yangu nimemwekea. Nataka kujua ulicheka ulipokuwa Mavivi, na kama ulimwomba msamaha au ulizunguka zunguka, na pua ya kile kiazi ilikuwa ndefu kiasi gani, maana picha yako, Papa, kwa kweli haikuwa nzuri. Asubuhi hii simu imeniuliza tena kama niifute picha hiyo. Nimebonyeza non. Nafasi imebaki kidogo, lakini tutabanana.

Jana nilimwambia Kambale abadilishe jina la numero hii kwenye simu yake, aandike Masika, asiwe anashtuka kila nikimpigia. Alikataa. "Hapana, yaya, dada yangu. Iache hivyo," akasema. "Alisema ataniita."

Basi umemwita, Papa.

Lala vizuri huko kilimani. Viatu vyako vya kanisani nimevipaka dawa, Kambale atavivaa.

Masika,
binti yako wa kwanza