Watu Watatu wa Nyumba Yetu

Gongoni, Tabora
11 Septemba 1968

Dada yangu mpendwa Fakhria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujiji, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila kifua cha bibi kinamsumbua kwa vumbi hili. Mama anauliza kama ile asali ilifika.

Tangu nimalize shule nimepata kazi ya miezi mitatu katika ofisi ya mji. Usicheke, najua utauliza mimi ninayejificha jikoni wageni wakija nina kazi gani na watu. Mji unakua, na mabomba mapya ya maji yatapita Kanyenye na Gongoni. Bwana Raymundi, fundi mkuu, alitueleza kwamba unene wa bomba na vituo vya kuchotea hutegemea idadi ya watu. Basi mimi na Nikolaus tulitumwa nyumba kwa nyumba, yeye akiuliza, mimi nikiandika.

Ramani ilipobandikwa ukutani, Kanyenye walikuwa na vituo vitano, sisi kimoja, tena kule barabarani. Kuluthumu, anayetupikia chai, aliitazama akasema kumbe Gongoni ni makaburi tu, mbona watu hakuna. Wote walicheka isipokuwa mimi.

Kanyenye akina mama walijibu wenyewe mlangoni. Kwetu unakujua. Nikolaus aliishia barazani, na hakuna mwanamume atakayemtajia mgeni wanawake wa ndani. Mzee Abbasi alisema nyumba yake ni yeye na paka wake. Niliandika mmoja.

Sasa nikuambie lililonikosesha usingizi, ulisikie kwangu kabla ya wengine. Tulipofika nyumbani kwetu, baba alijibu kuwa ni watatu: yeye, ami Hamoud na kaka yetu Yahaya. Dada, tuko kumi na mmoja. Niliona haya kumsahihisha mbele ya mgeni, nikaandika watatu. Nilimwacha bibi, nikamwacha mama anayepanga foleni kisimani tangu alfajiri, nikajiacha na mimi mwenyewe niliyeshika kalamu.

Juzi Jumatatu nilisimama mbele ya Bwana Raymundi, nikamwambia hesabu ya Gongoni ni ya uongo na mwandishi ni mimi. Alinigombeza sana. Alisema michoro inakwenda mkoani Jumamosi, na haitangoja mtu. Nikolaus alinong'ona kwamba nimejifukuza kazi. Niliomba nirudie peke yangu, nipitie milango ya uani, niwaulize wanawake wenyewe. Bwana Raymundi alinisukumia daftari, akanipa mpaka Ijumaa jioni.

Baba hasemi nami. Alimuuliza mama kama shule ndiyo iliyonifundisha kuianika nyumba yake. Mama alimjibu kwamba yeye atanyamaza juu ya maji siku baba atakapokwenda kisimani mwenyewe.

Mpaka sasa nimemaliza nyumba thelathini na nne, zimebaki ishirini na tisa. Kwa Mzee Abbasi wako tisa, paka sikumwandika. Nilianza na kwetu. Baba alikuwa barazani, hakunitazama, lakini nilipopita na daftari alivuta miguu yake kunipisha. Niliandika kumi na mmoja, na wa kwanza kumhesabu nilikuwa mimi.

Msalimie sana shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Niombee mpaka Ijumaa.

Mdogo wako akupendaye,
Khole binti Salmini