Mzani Uliofunikwa Khanga

Dada Tumaini, shikamoo kutoka huku juu kwenye baridi. Ukungu wa Sumbawanga umeshuka mpaka sokoni, magunia yanaonekana kama ng'ombe waliolala, nami natembea kama bado niko ndotoni.

Leo nilifuata maharage ya duka letu kwa Mama Rukia na Anselmi, wenye duka la nafaka kwa ubia. Nilimkuta Anselmi peke yake, na mzani umefunikwa khanga.

"Kaka, nipimie haraka," nikamwambia. "Mvua inakuja na basi litaniacha."

Akatabasamu. "Mwenzangu yuko kwenye swala. Yeye anatuombea wote, halafu mimi niwe nauza? Jumapili nikiwa kanisani, naye hufunika hivi hivi."

Nilitaka kununa, lakini akanimiminia uji wa ulezi wa moto. Nikaunywa taratibu, matone ya kwanza yakigonga bati. Kelele za soko zikaenda mbali, na haraka yangu ikazifuata.

Mama Rukia akatoka chumba cha nyuma, akaivuta ile khanga taratibu. "Kumbe wewe ndiye mgeni niliyekuwa namsikia? Nimekuombea safari njema, mwanangu, na hata jina lako silijui."

Basi limeniacha, dada, na wala sijali. Nakukumbuka sana. Asubuhi ukisali pale dukani kwetu, usikatishe tena kwa sababu mteja anagonga kaunta. Khanga ya kufunikia mzani nimeshanunua.

Mdogo wako,
Baraka