Mbao Mbili za Juu

Bagara, Babati
Ijumaa, baada ya sala

Kwako Baba mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Kifua kinakwendaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba kikohozi kimepungua, lakini mama hupenda kupunguza mambo ili nisihangaike, kwa hiyo namwomba dada Zainabu, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, aniandikie ukweli. Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi tu ndiyo inayonionea. Mwenyeji wangu, Baba Fausta, ameniazima sweta lake, na kwa kuwa yeye ni mfupi, mikono yake inaniishia kwenye viwiko.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, baba, na karakana nzima inasikia. Hili ni letu wawili, na Zainabu wa tatu. Nimevunja amri yako. Boti ya watu wa huku nimeipunguza ubavu. Nakuomba usiitupe karatasi, sikiliza kwanza mpaka mwisho.

Unamkumbuka Baba Fausta, yule mvuvi aliyekuja Kibirizi kwenye msiba wa shemeji yake, akashinda karakanani kwetu akipapasa mbao? Mitumbwi yao ya magogo imeoza, ndiyo maana yeye na wenzake wakaniita. Siku ya kwanza aliponipeleka ziwani nilicheka kimoyomoyo. Kwetu ng'ambo huonekana hewa ikiwa safi tu. Hapa nilimwona ng'ombe wa ng'ambo akijikuna kwenye mti. Nikasema, hawa wamenitoa Kigoma nije kuwatengenezea boti ya bwawa! Ujuba wa ujana, baba, ingawa nina mvi mbili sasa.

Mji wenyewe ni wa watu wapole. Uko bondeni, mlima Kwaraa umeukalia kichwani, na wanasalimiana mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Mahindi na maharage yanafika karibu kabisa na maji, na viboko nao wanayajua mashamba hayo kuliko wenyewe.

Basi nikaitoa kamba yako ya kupimia yenye mafundo matatu, la urefu, la mkuku na la ubavu. Fundo la tatu nililifikisha kiunoni kamili, maana nilikuwa nakusikia sikioni: "Yasini, ubavu hauteremki hata kidole, hata kama boti ni ya kuvukia dimbwi." Tangu kaka Haruna alipozama na ile boti uliyomchongea kwa mikono yako, ya ubavu mfupi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka iwe nyepesi, hujatengeneza nyingine ya chini wala hujaturuhusu sisi. Sikuthubutu.

Siku ya kuziba nyufa nilichovya pamba kwenye mawese niliyotoka nayo nyumbani. Mama Fausta akashika kiuno. "Fundi, hayo si mafuta ya kula?" Nikamwambia ni ya kula na ni ya boti. Jioni alikuwa ameyatia kwenye maharage. Alikula, akapakua tena, halafu akasema, "Kumbe boti za kwenu zinakula vizuri kuliko sisi."

Tulipoishusha majini walipiga makofi wote. Nzuri sana, fundi. Haijapata kuonekana hapa, fundi. Nililala nikiwa mkubwa kama waziri. Kesho yake wakaenda kuvua na mitumbwi yao ileile inayovuja, na boti yangu wakaivuta nchi kavu. Keshokutwa vilevile. Nikajifanya sioni. Siku ya nane nikamkuta Mama Fausta ameanika maharage ndani yake.

"Mama Fausta, boti yangu imekuwa uchanja?"

"Usikasirike, fundi. Yanakauka vizuri humu. Kuku hawayafikii."

"Kwa nini hawaitumii?"

Aliendelea kugeuza maharage kwa kiganja. "Sisi mgeni hatumwambii kosa lake angali anakula kwetu. Wangekusindikiza mpaka stendi na maneno mazuri, halafu wangetafuta msumeno."

"Kosa gani, mama?"

"Kapande na Baba Fausta, ukaone mwenyewe."

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Asubuhi ya Jumamosi nikamwambia Baba Fausta twende wawili. Hatukufika mbali. Magugu ya maji yaliushika mkuku, ule uti wa chini ya boti, kama mkono wa mtu. Baba Fausta, ili kasia lake lifike majini, alilazimika kuning'inia tumbo juu ya ubavu huku miguu ikielea hewani, na mimi nikacheka. Ndipo kiboko alipoibuka, hatua thelathini hivi kutoka tulipokuwa, akapuliza maji puani.

"Geuza, fundi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Taratibu. Usipige maji."

Haikugeuka, baba. Mkuku ulikuwa umeshikwa. Yalipoachia kidogo, upepo ukausukuma ule ubavu mrefu niliojivunia, ukatupeleka kwa kiboko pole pole. Niliogopa kama sijawahi kuogopa Tanganyika. Wavuvi wenzake Baba Fausta wawili wakaja na mtumbwi mbovu, umejaa maji nusu, ukipita juu ya magugu yale kama hayapo. Wakaturushia kamba, wakatuvuta mpaka ufukweni.

Pale nchi kavu Baba Fausta hakunicheka, na afadhali angenicheka. "Pole, fundi," alisema. "Kwenu kinachoua kinatoka juu, mawimbi. Kwetu kinatoka chini. Sisi tunataka kitu cha kugeuka haraka na kukimbilia kwenye matete."

Nilikaa na msumeno siku mbili bila kuugusa. Siku ya tatu nikamweleza kwa nini naogopa. Alivua kofia. Akauliza, "Kaka yako alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia, Haruna. Akaenda kushika ncha ya ubao, mimi nikaanza. Tuliondoa mbao mbili za juu kila upande na kuuchonga mkuku mpaka ukabaki kidogo. Nililia wakati wa kukata, na yeye akatazama pembeni mpaka nilipomaliza.

Sasa wanagombania zamu ya kuitumia, na vijana wananiita fundi kwa sauti ya kweli. Maharage ya Mama Fausta yamerudi kwenye mkeka, na kuku wanayafaidi.

Baba, kuna jambo sijawahi kukuambia uso kwa uso. Siku ile nami nilikuwa ufukweni. Dhoruba ile ilizamisha boti nne, na mbili kati yake zilikuwa za ubavu mrefu, za mafundi wengine. Nilizihesabu mimi. Na nilikusikia ukimwambia Haruna asitoke, mawingu ni mabaya, akatoka. Mbao zako hazikumuua. Miaka yote hii kila boti unayoichonga naona unamchongea yeye, ili safari hii arudi. Inaniuma kukuona hivyo. Nilikuwa namwogopa fundi aliye ndani yako, nikashindwa kumwambia baba.

Msalimie sana mama, mwambie sweta la kuazima linatosha, asinunue jingine. Mjomba anayelinda mbao zetu ufukweni, na shangazi wa Ujiji aliyenifungia yale mawese, wape salamu zangu. Wenzetu wa karakanani waambiwe kwamba nawasalimu, yaliyobaki wasisomewe. Baba Fausta na mkewe wanakuamkia, maana hamlingani miaka hata kwa mbali.

Kamba yako imo ndani ya bahasha hii. Mafundo mawili ya kwanza nimeyaacha kama ulivyoyafunga. La tatu nimelifungua, na alama yake bado ipo kwenye uzi. Ukiona nimekosea, lifunge tena, Zainabu anitumie kwa basi, nami nitaifuata bila neno. Ukiona sikukosea, usinitumie kitu. Baki nayo mfukoni hivyohivyo, upumzike.

Ni mimi mwanao wa kiume aliyebaki,

Yasini