Lodi Aliuliza Mara Mbili

Umbilo, Durban
4 Machi 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na macho hayakusumbui sana. Mimi mzima, ila joto la Durban mwezi huu linatupika. Msalimie jirani yetu Mama Epiphanie, maana najua ndiye anayekusomea haya kwenye simu yake. Mama, shikamoo, na mbuzi wako Lodi hajambo? Bado hasikii?

Leo nimecheka dukani peke yangu mpaka watu wakanitazama. Unajua tunauza vitu vilivyotumika. Wazee wa Kizungu wakifa huko juu Berea, watoto wao hutuletea sahani, mapazia na vitabu. Asubuhi bosi wangu Immaculée akaniambia, "Carmel, iko makarton tatu ya Berea, fungua uone kama iko kitu ya maana. Vitabu, eish, ni nani atasoma?" Nikafungua. Juu kabisa, kitabu chenye picha ya mzee mwenye pua ndefu na mbwa wawili: Lord Wetherlow. Baba, ni Lodi wetu. Lodi mwenyewe, aliyekuja kambini akaambiwa na wazee kwamba hawataki kurudishwa Burundi, akatikisa kichwa, na baada ya miezi miwili malori yakaja. Yule aliyefanya kila asiyesikia hapo Kasulu aitwe Lodi, hata mimi nilipochelewa kuosha vyombo.

Ameandika maisha yake yote. Alizaliwa kwenye nyumba ya vyumba arobaini. Akiwa na miaka saba akapelekwa shule ya bweni, akalia mwezi mzima. Baba yake alipokufa akarithi mashamba, farasi, na kiti bungeni. Hakupigiwa kura na mtu, kiti kilikuwa kinamngoja tu kwenye Bunge la Malodi kama ng'ombe wa urithi. Akapanda hadi naibu waziri wa misaada ya nchi za nje. Sura ya kumi na nne ni ya kambi yetu. Nikiimaliza nitawaandikia kwa Kiswahili, tumcheke wote.

Binti yako,
Carmel


Kasulu
11 Machi 2024

Mwanangu Carmel,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imekubali na maharage yamesimama vizuri. Macho yangu yako vilevile: kuandika kwa herufi kubwa naweza, kusoma simu siwezi. Usiache kula kwa ajili ya kazi.

Kuhusu kitabu hicho, nakuomba ukiache. Wakubwa wakizeeka huandika ili wajisafishe. Kirudishe kwenye boksi lake kiuzwe.

Epiphanie, ambaye ndiye anayeipiga picha barua hii, amesoma mstari huo na kunifokea. Anasema: "Mwambie asome. Mume wangu Séverin ndiye aliyeongea siku ile mbele ya yule mzungu. Nataka nijue alimsikia au hakumsikia." Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako


Umbilo
2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Natumaini wote wazima. Mimi sijambo, mafua kidogo.

Nimesoma ile sura, haina kitu. Anaeleza vumbi, mbuzi, na chai iliyonuka moshi. Anasema mkalimani aliitwa Léonard, kijana mpole na mwenye kazi safi, kwa hiyo Baba uko kitabuni, hongera. Kuhusu Mzee Séverin anasema tu kwamba mzee mmoja aliongea kwa heshima. Kisha anapanda ndege kurudi London. Mama Epiphanie, samahani, nilidhani kungekuwa na zaidi.

Kitabu kimeshauzwa. Nawaandikia kwa haraka kwa sababu dukani kuna wateja.

Carmel


Kasulu
9 Juni 2024

Carmel mwanangu,

Natumaini mafua yamekwisha. Barua hii ameipiga picha Dulla wa duka la fotokopi, Epiphanie hajaiona. Naiandika yote kwa mkao mmoja, maana nikiinuka sitarudi.

Kitabu hakijauzwa. Wala sura haina vumbi na mbuzi tu. Nimefanya kazi ya ukalimani, na maneno yaliyooshwa nayajua kwa harufu ya sabuni. Ulinihurumia, na Epiphanie akanisomea huruma yako kwa sauti, nikakaa pale nikisema asante.

Siku ile Séverin alisema kwa Kirundi, watu wote wakisikia: "Mwambie tukivuka mto tutauawa. Kama ni kufa, atuache tufie hapa." Machozi yalikuwa yanamtoka. Mkuu wa kambi alikuwa amesimama nyuma yangu. Siku mbili kabla alikuwa amenionyesha kibali changu cha kubaki Tanzania, kwa sababu mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hapa Kasulu. Kibali hakikuwa na muhuri. Akaniambia muhuri utategemea mkutano utakavyokwenda. Wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi saba.

Nikamwambia yule mzungu kwa Kiingereza: wanashukuru, wako tayari kurudi kwao, wanaomba tu chakula cha njiani. Akamtazama Séverin, kisha akaniuliza tena. Nikarudia vilevile. Hakuna mwingine pale aliyejua Kiingereza zaidi ya mkuu wa kambi. Miaka ishirini na saba watu wamemlaani Lodi, na mimi nimekaa nao nikicheka kila mbuzi yule anapoitwa.

Epiphanie alikuwa hospitali na kichanga, ndiyo maana lori lilimwacha. Séverin alipanda la pili, na hakufika kwao. Tangu macho yangu yalegee, mama huyo ndiye anayenipikia uji. Nimejaribu kumwambia mara nyingi, mdomo unakataa. Naona aibu hata kupokea kikombe mkononi mwake.

Nitumie maneno yenyewe, kwenye simu yake. Anisomee yeye.

Baba yako


Umbilo
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Wiki tatu nimekuwa nikianza barua hii na kuifuta. Siulizi afya, naogopa jibu.

Mama Epiphanie, shikamoo. Nakuomba usome hadi mwisho, hata Baba akikuambia uache. Mwezi wa nne nilikudanganya. Kitabu ninacho, kiko kabatini chini ya nguo zangu. Lord Wetherlow ameandika hivi, na safari hii sijaongeza wala kupunguza:

"Mzee wao aliongea kwa muda mrefu huku akilia. Mkalimani, Léonard, kijana mwenye uso wa uaminifu, aliniambia kwamba wanafurahi kurudi na wanaomba chakula cha safari. Niliona kwamba machozi na maneno hayalingani. Niliuliza mara ya pili. Akajibu vilevile. Niliamua kumwamini, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo serikali yangu ililitaka. Nilisimama bungeni nikasema wakimbizi wanarudi kwa hiari yao. Mwaka uliofuata nikaletewa orodha ya waliouawa. Nilijiuzulu, wenzangu wakadhani ni ugonjwa, nikaenda kufuga kondoo. Sababu yenyewe sijawahi kuisema mpaka leo. Sijui kijana yule aliogopa nini. Mimi sikuwa na cha kuogopa, na macho nilikuwa nayo."

Basi, ameishia hapo. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilisema Lodi anamsingizia baba yangu. Niliposoma mara ya tatu sikuwa na uhakika, ndipo nikauosha.

Mama, alichoogopa Baba ni kunyimwa muhuri wa kibali cha kubaki Tanzania, nami nikiwa tumboni. Muhuri huo ni mimi. Nilizaliwa kwa amani hospitali ileile ulikolazwa, nikakua nakunywa uji wako, na mwezi wa tatu nilikuandikia nikicheka. Naona aibu, na sijui nianze kumwomba nani msamaha.

Binti yako, Baba. Na wako pia, Mama, kama bado utakubali.
Carmel


Kasulu
22 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Dulla ndiye aliyepiga picha hii tena, na sasa itakuwa yeye siku zote.

Epiphanie alisoma hadi mwisho. Nilimwambia aache, kama ulivyojua, hakuacha. Alipomaliza aliniuliza jambo moja: "Kwa hiyo yule mzungu alimwona Séverin analia?" Nikasema alimwona. Akachukua simu yake, akachukua na kikombe kikiwa na uji nusu, akaondoka.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote. Watu wakaimba wimbo uliofuata. Uji najipikia, unaungua. Usimwandikie kuniombea msamaha. Alichonipa miaka yote hiyo alikuwa anampa mtu mwingine, ambaye mimi nilijifanya ndiye.

Jana mbuzi wake aliingia tena kwenye maharage yangu. Nilisikia hatua za Epiphanie zikija hadi kwenye ua. Unajua anavyomwita siku zote. Jana aliita hivi: "Léonard. We Léonard, toka humo."

Mbuzi hakugeuka, hajalizoea jina. Niliitika mimi.

Baba yako