Mama Anataka Lodi, Oldmere Wanataka Mbunge

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na jina langu tafadhali lifiche, mimi ni mbunge wa Oldmere, mji wa viwanda vya nguo huku kaskazini, na juzi tumemzika baba, na pale kaburini kasisi akasema, "Pole sana, Lodi Harthwaite," nami nikageuka kumtafuta baba, kumbe naambiwa mimi, na tangu hapo sina raha, maana anayerithi cheo hicho cha Lodi hana ruhusa ya kukaa katika Bunge la Makabwela, lile la kuchaguliwa kwa kura, anahamia Bunge la Malodi apende asipende, labda akikane ndani ya mwezi mmoja, na akishakikana hakipati tena maisha yake yote, na mama ameshalitoa lile joho jekundu la ulodi la baba lenye manyoya meupe shingoni, amelitundika dirishani lipigwe hewa, ananiambia, "Mwanangu, babu zako wote wamelivaa, wewe nani ulikatae? Unataka kumzika baba yako mara mbili?" nami nikienda Oldmere, Bi Clegg wa ofisi ya chama ananipigia goti mbele za watu, "Karibu, mtukufu Lodi! Sisi kura tulimpa mbunge, wewe hatukujui," wote wanacheka, na muswada wa kuwanusuru wafumaji niliupeleka mimi, nisipokuwepo hauna mwenyewe, nifanyeje?

JIBU:

Mheshimiwa, pole kwa msiba. Jina nimelificha, ila umetaja mji, cheo na hata manyoya, kwa hiyo usinilaumu.

Mama yako ni mjane, mvumilie. Lakini mweleze jambo ambalo naona hujamweleza: ukikikana cheo hakifi. Kitalala mpaka siku utakapofariki, kisha kitamwangukia mrithi wako. Muswada wa wafumaji ukifa, umekufa.

Nawe acha kujificha nyuma ya mama. Joho umelieleza mpaka shingo yake, wafumaji umewapa mstari mmoja. Unalitamani. Kutamani si dhambi, ila usimsingizie mama wa watu.

Kesho wakati wa chai kaa karibu naye, umwambie kwa kinywa chako kabla hajasoma gazetini. Akilia, mwache alie. Kisha nenda kwa wakili ukatie saini hati ya kukikana cheo. Ukizidi kusitasita mwezi utaisha, na sheria haitakuuliza tena: utaamka Lodi, na Oldmere watakuwa wanatafuta mtu mwingine wa kumpa kura.